Jinsi ya kuomba PhD ya saikolojia na kujiandaa kwa intavyu, hatua kwa hatua

Wengi wakitaka kuomba PhD ya saikolojia swali lao la kwanza ni "GPA yangu inatosha?" na mi huwa nawaambia liweke pembeni kidogo. GPA ina kazi yake, lakini inakuvusha geti la kwanza tu. Kinachoamua ni kama kuna profesa mmoja, mtu mwenye jina na maabara yake, ambaye akisoma karatasi zako anaona kabisa kwamba huyu nikikaa naye miaka mitano sita kazi itasonga. Programu nyingi za PhD za Marekani na Kanada zinachukua watu hivyo, unaingia chini ya mtu fulani toka siku ya kwanza. Sasa ukilishika hilo tu, mengine yote yanafuata, kuanzia orodha ya vyuo mpaka unavyojibu kwenye intavyu.

Hapa naongelea Marekani zaidi, na Kanada kiasi. Uingereza udaktari wa saikolojia ya kliniki ni mafunzo ya miaka 3 yenye utaratibu wake wa maombi, na Uholanzi au Ujerumani PhD mara nyingi inatangazwa kama ajira, unaiomba kama unavyoomba kazi. Usichanganye mifumo, utajichosha.

Kwanza jua unaomba nini

Kama unataka leseni ya kutibu watu kama mwanasaikolojia, njia zako ni tatu: saikolojia ya kliniki, ushauri nasaha, au saikolojia ya shule. Hizo ndo APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, inazipa ithibati. Saikolojia ya jamii, ya utambuzi, ya makuzi ya mtoto na nyingine za utafiti hazina ithibati ya APA kwa sababu hazimwandai mtu kutibu, na usije ukaomba ya jamii ukijipa moyo kwamba utahamia kliniki ukishafika, hiyo karibu haipo. Na kinyume chake pia, kama wewe ni mtu wa utafiti tu na wagonjwa hawakuvutii, kliniki itakusumbua bure manake ndo yenye msongamano kuliko zote, programu moja inaweza kupata maombi mamia kwa nafasi ambazo mara nyingi hazifiki 10.

Halafu kuna PhD na PsyD (udaktari wa saikolojia wa kitabibu). PhD ya kliniki inafuata makubaliano ya mkutano wa Boulder, Colorado, wa mwaka 1949, kwamba mwanasaikolojia awe mtafiti na mtabibu kwa pamoja. PsyD ilianzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1968 ikapata nguvu kwenye mkutano wa Vail mwaka 1973, yenyewe inaegemea upande wa kutibu. Tofauti unayoihisi mfukoni ni hii: PhD nyingi zinakusamehe ada na kukupa posho ukifundisha au ukifanya kazi ya utafiti, PsyD nyingi unalipa mwenyewe na watu wanatoka na madeni makubwa. PsyD nzuri zipo, ila hesabu ya pesa ifanye kabla, usiifanye ukiwa mwaka wa tatu.

Na hapa niseme kitu ambacho watu hawapendi kukisikia, kama lengo lako ni kukaa na watu na kuwasaidia na takwimu zinakuboa, masta ya ushauri nasaha au ya ustawi wa jamii inakufikisha huko kwa muda mfupi zaidi, huhitaji udaktari.

Masta sio lazima kabla ya kuomba PhD Marekani, watu wanaingia na digrii ya kwanza. Kanada kwa kawaida unapita masta kwanza, mara nyingi humohumo kwenye programu.

Soma jedwali kabla ya kupenda chuo

Kila programu yenye ithibati ya APA inatakiwa kuweka wazi kwenye tovuti yake data za udahili na matokeo ya wanafunzi. Watu wanairuka hiyo sehemu wanaenda kuangalia picha za kampasi. We ifungue, weka kahawa pembeni, soma mistari hii: wangapi waliomba, kama wameandika, na wangapi waliingia, wanafunzi wanamaliza kwa miaka mingapi, wangapi waliacha njiani, asilimia ngapi walipata intanshipu yenye ithibati, na wahitimu wangapi wana leseni. Gharama nazo zipo hapohapo.

Ukiona programu inadahili watu wengi sana kila mwaka, wanaoacha njiani ni wengi, na ada imeandikwa pale bila msaada wowote, hayo ndo majibu yako hata kama jina la chuo linang'aa. Safu ya intanshipu usiipuuze kabisa, kwa sababu mwaka mzima wa mwisho kwenye hizi programu unaenda kufanya kazi kwenye hospitali au kliniki nje ya chuo, na unapata nafasi kupitia mchakato wa kitaifa wa APPIC, umoja wa vituo vya intanshipu za saikolojia, ambapo kompyuta inawaoanisha waombaji na vituo, kwahiyo unaomba na kufanyiwa usaili upya kabisa. Programu ambayo wanafunzi wake wanakwama hapo ina tatizo.

Mwaka mmoja au miwili kabla

Kinachotafutwa ni uzoefu wa utafiti. Kujitolea kwenye laini ya simu ya watu wenye msongo ni kitu kizuri, PsyD wanakipa uzito zaidi, ila kwa PhD hakiwezi kuziba pengo la kutowahi kugusa data. Wengi wanaoingia siku hizi wamefanya kazi mwaka mmoja au miwili kama msaidizi wa utafiti au meneja wa maabara baada ya digrii ya kwanza.

Ukiwa kwenye maabara usikubali kuwa mtu wa kuingiza namba tu mpaka unaondoka. Omba upewe kipande kimoja kidogo kiwe chako, swali dogo ndani ya data iliyopo, ulichambue kwa programu ya kompyuta ya takwimu kama R au SPSS, ulipeleke kama bango kwenye kongamano hata la chuoni. Kile kipande kimoja ndo utakachokiongelea kwenye barua yako, na ndo utakachoulizwa kwenye intavyu, na mwenye kipande kimoja anachokijua mpaka mifupa ananipa raha kuliko mwenye maabara nne ambazo zote aligusagusa.

Orodha ya watu, kuanzia Julai hivi

Fungua Excel. Safu ya kwanza iwe jina la profesa, jina la chuo lije la pili. Tafuta watu ambao makala zao za miaka mitatu minne ya karibuni umezisoma kweli na ukamaliza ukiwa na swali. Andika mada, mbinu anazotumia, kama anachukua mwanafunzi mwaka unaotaka kuingia, dedilaini, ada ya maombi, kama GRE (mtihani wa kuingilia masomo ya juu) inatakiwa. Dedilaini nyingi zinaangukia karibu na tarehe 1 Desemba, nyingine wiki mbili baadaye. Watu wa kliniki mara nyingi wanatuma kwenye programu 10 hadi 15, na kwa kuwa ada kwa kawaida inacheza kati ya dola 50 na 100 kila moja, omba msamaha wa ada mapema, vyuo vingi vinao utaratibu huo na vinataka uombe kabla ya dedilaini.

Agosti au Septemba tuma imeili. Fupi. Mfano kwa uwanja wa usingizi wa vijana:

"Profesa, naitwa fulani, ni msaidizi wa utafiti kwenye maabara ya fulani ambapo nachambua data za usingizi wa vijana. Nimesoma makala yako ya karibuni kuhusu kukosa usingizi na hasira, na najiuliza kama matokeo yale yangebaki vilevile siku ambazo hakuna shule. Naomba kujua kama unatarajia kuchukua mwanafunzi mpya wa udaktari mwaka ujao. CV yangu nimeambatanisha."

Imetosha. Usimwandikie historia ya maisha, usimuulize kitu ambacho tovuti yake imeshajibu, na usitume imeili moja kwa watu ishirini ukibadilisha jina tu, wanajua, na wengine ni marafiki. Asipojibu usijisikie vibaya, wapo wasiojibu mtu yeyote kabla ya dedilaini. Akijibu "sichukui mwaka huu" mfute kwenye orodha, umeokoa ada.

Barua za rekomendesheni

Kwa kawaida tatu. Angalau mbili zitoke kwa watu waliokuona ukifanya utafiti. Waombe miezi miwili kabla na uwaulize hivi: "Unaweza kuniandikia barua yenye nguvu?" Akianza kuzunguka zunguka, mshukuru utafute mwingine, barua ya "alikuwa mwanafunzi mzuri na alipata A" inakuumiza kimyakimya. Wape CV, rasimu ya barua yako, orodha ya vyuo na dedilaini kwenye karatasi moja, na uwakumbushe mambo mawili matatu mliyofanya pamoja. Fomu itakuuliza kama unaachia haki ya kuziona barua hizo, haki inayotokana na FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Achia. Usipoachia msomaji anaanza kujiuliza kama mwandishi aliandika kwa uhuru.

Barua ya malengo

Hapa ndo watu wanaharibu zaidi. Mwaka 2006 Drew Appleby na Karen Appleby walichapisha utafiti wao wa kuwauliza wenyeviti wa kamati za udahili za saikolojia nini kinaua maombi ya mtu, na yaliyojitokeza ni pamoja na barua binafsi zenye kuharibu, rekomendesheni mbaya, kutoijua programu unayoiomba, uandishi mbovu, na kujikweza kulikogonga mwamba. Kwenye zile barua binafsi, kueleza kwa kina matatizo yako mwenyewe ya afya ya akili kulikuwa mojawapo. Unaweza kuona hiyo haina haki kwenye fani hii hii inayotibu watu, na mi naona hivyohivyo, ila ndo wasomaji ulio nao. Kama maisha yako ndo yalikuleta kwenye mada, sentensi moja inatosha kisha rudi kwenye sayansi.

Angalia mwanzo huu: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikipenda kusaidia watu na kuelewa akili ya binadamu." Umeusoma wewe mara moja, kamati imeusoma mara mia kabla ya mchana. Sasa huu: "Nilipokuwa nachambua data za vijana waliojaza shajara ya usingizi, niligundua kwamba waliolala muda uleule walitofautiana sana hasira siku iliyofuata, na tangu hapo nataka kujua nini kinawatenganisha." Wa pili umeshaonyesha unafanya nini, unajiuliza nini, na unaenda kwa nani.

Muundo wenyewe ni mwepesi, kurasa mbili hivi: swali lako, ulichokifanya kulifuata na ulijifunza nini, unataka kuuliza nini sasa, kwa nini kwa huyu profesa na pengine mwingine mmoja wa pale, na mbele unajiona wapi. Aya ya programu iandikwe upya kwa kila chuo. Na soma jina la chuo mara mbili kabla ya kubonyeza tuma, kila mwaka kuna watu wanakisifu chuo kingine.

Makaratasi mengine nayapita haraka. GRE programu nyingi ziliiondoa au kuifanya hiari tangu 2020, angalia kila moja. Transikripti za nje ya Marekani wakati mwingine zinatakiwa kutathminiwa na kampuni maalum na hiyo inachukua wiki, anza mapema. TOEFL au IELTS, mitihani ya Kiingereza, uliza kama unasamehewa kwa kuwa ulisoma kwa Kiingereza.

Intavyu

Mialiko inaanza kuja Desemba mwishoni, intavyu zenyewe Januari na Februari, nyingine Zoom nyingine ana kwa ana. Programu nyingi za utafiti mtupu zinafanya kitu chepesi, labda Zoom moja na siku ya kutembelea ukiwa umeshapokelewa. Kliniki ni siku nzima: profesa wako, maprofesa wengine mmoja au wawili, wanafunzi, wakati mwingine kikundi. Ukialikwa ina maana kwenye karatasi unatosha, sasa wanaangalia kama wanaweza kufanya kazi na wewe.

"Tuambie kuhusu wewe" itakuja. Dakika mbili: ulikotoka kitaaluma, swali lako, kwa nini uko kwenye hicho kiti. Fanya mazoezi kwa sauti mpaka lisikike kama maongezi, ila usilikariri neno kwa neno, mtu aliyekariri akikatizwa katikati anapotea.

Kubwa ni "tueleze utafiti wako". Watu wanaanza na jina la maabara na nadharia na wanamaliza dakika tano bila kusema walifanya nini. Jibu linaloeleweka linakwenda hivi: tulitaka kujua kama usingizi mbaya unatabiri hasira kesho yake, vijana walijibu maswali kwenye simu mara kadhaa kwa siku kwa wiki mbili, mimi nilisafisha data na nikajenga modeli, tukaona uhusiano upo ila kwa waliokuwa na wasiwasi mwingi zaidi, udhaifu wake ni kwamba usingizi waliuripoti wenyewe, ningerudia ningetumia kifaa cha mkononi cha kupima. Halafu nyamaza. Atakuuliza tu, "kwa nini modeli hiyo?" au "unadhani ni wasiwasi au ni kitu kingine?" na hapo ndo intavyu inaanza kweli. Usilolijua sema hulijui na useme ungelitafutaje. Profesa anaweza kukusukuma makusudi kuona ukipingwa unafanyaje, kubali hoja yake ikiwa nzuri, tetea yako ikiwa bado ina miguu, usikasirike.

"Ungependa kufanya nini ukiwa hapa?" Njoo na mawazo mawili yanayotumia data au mbinu ambazo maabara ile tayari inazo. Wazo linalohitaji mashine ya milioni ya dola ambayo hawana linaonyesha hujasoma.

Kliniki utapewa kisa. Mfano mteja anakwambia dakika za mwisho kwamba anafikiria kufa na msimamizi wako hapatikani. Hakuna anayetegemea ujue matibabu, we bado mwanafunzi, wanataka kusikia kwamba usalama unakuja kwanza, kwamba humwachii aondoke hivihivi, unamuuliza moja kwa moja, unatafuta msimamizi mwingine kwa kufuata utaratibu wa kliniki, na unaandika kilichotokea. Maswali ya mteja mwenye maadili au asili tofauti na yako nayo yapo, toa mfano halisi wa ulivyokosea kumwelewa mtu ukarekebisha, maneno ya jumla kuhusu kuheshimu kila mtu hayaachi kitu.

Utaulizwa pia umeomba wapi kwingine. Sema kweli, orodha yako ikiwa na uzi mmoja inakusaidia. Maswali ya ndoa, watoto, ujauzito au dini hayatakiwi kuulizwa, likipenya moja unaweza kulizungusha hivi, "hakuna kitakachonizuia kumaliza programu", ukaendelea.

Zamu yako ya kuuliza usiseme "sina swali". Kwa profesa: mnakutana mara ngapi, rasimu inarudi baada ya muda gani, wanafunzi wake wa zamani wako wapi sasa, posho ya miezi ya kiangazi inatoka wapi. Kwa wanafunzi uliza yale ambayo profesa hawezi kuyajibu: posho inatosha kodi ya nyumba ya hapo, mtu akikosana na msimamizi anaenda kwa nani, kuna aliyehama maabara. Sikiliza wanavyojibu kuliko wanachojibu, ukiuliza "profesa yukoje" wote wakaangaliana kabla mmoja hajaongea, andika hilo kwenye Excel yako.

Na wanafunzi wale wanaulizwa maoni, hata yule aliyekupokea na mliyekula naye jioni. Nimekaa upande huo, na mara nyingi kinachosemwa ni kidogo tu, "alikuwa anamkatiza mwenzake" au "hakumsalimia sekretari", lakini kinasemwa. Kikundini usishindane kuongea, ukimrudisha kwenye mazungumzo mtu aliyenyamazishwa watu wanaona. Baadaye tuma imeili ya shukrani ya mistari mitatu yenye kitu kimoja mlichoongea, asipojibu haina maana yoyote.

Ofa na tarehe 15 Aprili

Vyuo vingi vya Marekani vimesaini makubaliano ya Council of Graduate Schools (baraza la vyuo vya masomo ya juu) kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa yenye ufadhili hatakiwi kulazimishwa kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ukibanwa ujibu kesho, waulize kwa upole kama programu yao iko kwenye makubaliano hayo. Ukiwa orodha ya kusubiri waambie wazi kama ni chaguo lako la kwanza, kama ni kweli, na jua kwamba wiki ya mwisho kabla ya tarehe hiyo simu zinaita sana kwa sababu watu wanaachia nafasi. Kwahiyo na wewe ukiwa na ofa mbili achia moja mapema. Barua ya ofa isome: posho ni ya miaka mingapi, ya miezi 9 au 12, bima ya afya imo, ada ndogondogo nani analipa.

Kama sio raia wa Marekani kuna vitu vitatu ujue kabla hujasaini. Mikopo ya wanafunzi ya serikali ya shirikisho hupati kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Ufadhili wa serikali kwa wanafunzi watafiti, kama GRFP ya NSF (mfuko wa taifa wa sayansi) na F31 ya NIH (taasisi za taifa za afya), unataka uraia au ukaazi wa kudumu. Na intanshipu za hospitali za maveterani (wanajeshi wa zamani), ambazo ndo wafunzaji wakubwa kabisa wa wanasaikolojia kule, zinataka uraia, hivyo orodha yako ya vituo mwaka wa mwisho itakuwa fupi kuliko ya wenzako. Muulize mkurugenzi wa mafunzo wanafunzi wao wa kigeni walienda wapi intanshipu, kama wapo atakutajia vituo palepale.

Usipopata popote, andikia wale waliokufanyia intavyu tu, wasiokuita hawatakuwa na la kukwambia. Uliza nini kingeimarisha maombi yako mwaka ujao. Kama uliitwa kwenye intavyu kadhaa na hukupata, karatasi zako ziko sawa, fanyia kazi kuongea. Kama hukuitwa kabisa, basi ni uzoefu wa utafiti au orodha ya maprofesa haikukaa vizuri, na nafasi za kazi za maabara nyingi zinatangazwa Februari mpaka Mei, tuma maombi yako huko kabla hazijajaa.